Foroma ya Musyoka

Musyoka alianza kuziogopa nyayo zake mwenyewe mwaka wa 1948, msimu ule ule alioruka vizuri kuliko misimu yote ya maisha yake.

Wakati huo jina lake lilikuwa limeshavuka mipaka. Alikuwa ameruka Kampala, akaruka Dar es Salaam, akaruka Unguja, na kila alikokwenda alivaa fulana ya Kenya yenye simba mwekundu kifuani. Mkewe Jael aliifua fulana ile peke yake, mbali na nguo nyingine, akaigeuza ndani nje kabla ya kuianika ili jua lisimfifize simba. Siku za kawaida Musyoka alikuwa fundi wa breki katika karakana ya reli ya Mombasa, na mikono yake ilinuka grisi hata Jumapili kanisani. Lakini watu wa landhi, zile nyumba za mistari walizojengewa wafanyakazi wa reli, hawakumwita Musyoka wa breki. Walimwita Musyoka wa kuruka.

Mchezo wake ulikuwa miruko mitatu. Unakuja mbio, unakanyaga ubao, unachupa na kutua kwa mguu ule ule uliochupia. Papo hapo unapiga hatua kubwa na kutua kwa mguu wa pili. Kisha unajirusha mchangani kwa nguvu zote zilizokubakia. Anayeutazama kwa mara ya kwanza hudhani mtu amejikwaa mara mbili akaokoka. Anayeujua hutazama kitu kimoja tu, namna ule mguu wa kwanza unavyopiga ardhi, maana hapo mwili mzima unashuka juu ya mguu mmoja. Hapo ndipo kilipokuwa kipawa cha Musyoka, aliyeruka pekupeku tangu utotoni kwao Machakos. Mguu wake wa kulia ulipiga ardhi kama nyundo na kuacha alama ambayo hata mvua ilikawia kuifuta.

Mwaka huo ilitangazwa kwamba timu ingesafiri kwa meli mpaka Bukini, kile kisiwa kikubwa cha Wafaransa. Miruko mitatu ilipewa nafasi moja. Musyoka alikuwa amepita miaka thelathini, na goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kuamka kabla yake kila asubuhi. Alijua kwamba akiikosa Bukini, fulana ile ingebaki kuwa ya kuanikwa tu.

Mtu aliyeweza kumnyima nafasi ile alikuwa mmoja, naye ni Abdulghafur, kijana wa Mji wa Kale, karani wa bandarini, mrefu na mpole, mwenye kusema "tafadhali" hata kwa mbuzi aliyemzibia njia. Walifanya mazoezi pamoja katika uwanja wa Tononoka baada ya kazi. Musyoka alikuwa hajawahi kushindwa naye. Lakini kila wiki tofauti yao ilipungua, na kila ilipopungua Abdulghafur alizidi kutabasamu.

Jioni moja mvua ilikuwa imenyesha adhuhuri na ardhi ilikuwa bado laini. Walipomaliza kuruka waliagana, Musyoka akashika njia ya landhi. Alipofika barabarani akakumbuka kwamba mshipi wake ameuacha juu ya nyasi. Akarudi.

Abdulghafur alikuwa hajaondoka. Alikuwa amepiga magoti katikati ya njia ya kukimbilia, pale pale Musyoka alipokuwa akitua mruko wa kwanza. Mkononi alikuwa na kisu kipana. Kando yake kulikuwa na bati la biskuti lililofunguliwa. Alikuwa akikata udongo polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayekata halwa ya wageni.

"Abdulghafur."

Kijana aliruka wima, akasimama mbele ya bati, miguu kando kando, kanzu yake ikilificha. "Yakhe! Kumbe hujaenda?"

"Nimesahau mshipi."

"Ah. Mshipi ule kule. Chukua tu, tafadhali."

"Na wewe wafanya nini?"

"Mimi?" Abdulghafur aliutazama mkono wake wenye kisu kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Nasawazisha njia. Mvua imeiharibu. Haya, masalkheri ndugu yangu, masalkheri."

Musyoka aliuchukua mshipi, akajifanya anaondoka, akajibanza nyuma ya ukuta wa choo cha uwanja. Abdulghafur alilifunga bati, akalikumbatia kwa mikono miwili, akaenda zake kwa haraka kuelekea Mji wa Kale. Musyoka alirudi kutazama. Nyayo nyingine zote za jioni ile zilikuwapo. Wayo mmoja haukuwapo. Mahali pake palikuwa na shimo lililokatwa vizuri pande zote, na chini yake udongo mwekundu ukimtazama.

*

Laiti angemweleza Jael kwanza, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini mtu wa kwanza aliyekutana naye alikuwa Chonga.

Chonga alikuwa hamali wa bandarini, jirani yao na rafiki yao, na hakuna jambo alilolipenda kama jambo baya la mtu mwingine. Alimsikiliza Musyoka mpaka mwisho, kichwa upande, kisha akapiga kofi pajani.

"Umechukuliwa wayo."

"Nimechukuliwa udongo, Chonga. Mimi ni mtu wa kanisa."

"Na mguu wako ni wa kanisa pia? Sikiza. Huku pwani mtu hataki nywele zako, hataki kucha zako. Anataka pale ulipokanyaga. Anauchukua wayo mzima, usivunjike, anaupeleka kwa mtu wake. Huko wanaufanyia wanayoyajua. Wewe uko landhi unakula sima, mguu unaanza kuuma. Tena wamekuchagulia! Hawakuchukua wa kushoto. Wamechukua ule ule wa kuchupia."

"Abdulghafur si mtu wa hivyo."

"Ndiyo, haonekani wa hivyo. Angeonekana wa hivyo ungemkaribisha kwako?"

Usiku ule kifundo cha mguu wa kulia kilimwuma Musyoka. Kilikuwa kimewahi kumwuma mara nyingi, na alikuwa ameruka tangu alasiri kwenye ardhi iliyolowa. Lakini mara hii alilala akikisikiliza kama mtu anayesikiliza mlango.

Kuanzia siku iliyofuata akaanza kufuta. Alipotua mchangani hakungoja hata kupumua, aligeuka na kupangusa alama kwa mguu wake wa kulia, huku na huku, mpaka mchanga ukawa sawa. Kisha akarudi kwenye njia na kuufuta wayo wa pili, kisha wa kwanza. Abdulghafur alimtazama mara ya kwanza akacheka.

"Yakhe, wafagia uwanja? Umeajiriwa na manispaa?"

"Nasawazisha njia," Musyoka akajibu, akimkazia macho. "Mvua imeiharibu."

Mvua haikuwa imenyesha. Abdulghafur akageuza uso. Musyoka akaona: mtu asiye na hatia hageuzi uso.

Tena kulikuwa na maswali. Kabla ya hapo Abdulghafur alizungumza habari za meli, za bei ya mchele, za dada yake anayeposwa. Sasa alizungumza habari za miguu. "Kile kidole chako kidogo, kiliumia lini kikapinda vile?" Au: "Mguu wako wa kulia si mpana kidogo kuliko wa kushoto?" Siku nyingine alimwomba Musyoka ndala zake kuukuu, eti akazitazame. Akazitazame! Musyoka alizichukua ndala zile nyumbani akazitia ndani ya sanduku la nguo na kulifunga kwa kufuli.

Jael alilikuta sanduku limefungwa. "Baba Kioko, nataka shuka la mtoto. Ufunguo uko wapi?"

"Ninao mimi."

"Sanduku letu lina nini siku hizi?"

"Ndala."

Jael alikuwa mwanamke mwenye subira, lakini alikuwa pia mwanamke mwenye macho. Alikaa juu ya kitanda akamlazimisha kusema. Alipokwisha kusema, Jael hakucheka. Alimtazama kwa huruma, jambo lililomchoma Musyoka zaidi kuliko kicheko.

"Na ile halwa aliyotuletea Ijumaa?"

"Nimeitupa."

"Hukuitupa. Uliiweka nyuma ya mlango ili uitupe. Mimi niliiona nikaila, na Kioko nikampa. Ilikuwa na lozi. Mbona tu hai?"

Musyoka aliupapasa ufunguo mfukoni.

"Mume wangu, wewe kazi yako ni kukanyaga. Ukianza kuogopa unapokanyaga, utaruka wapi? Hewani? Mwulize mwenzako. Ana mdomo, nawe una mdomo."

"Nimwulize nini? 'Bwana, naomba wayo wangu'?"

"Ndiyo. Mwulize hivyo hivyo."

Hakumwuliza. Alichofanya ni kumfuata.

*

Alimfuata alasiri ya Alhamisi, mbali nyuma yake, ameshusha kofia usoni. Abdulghafur alipita kando ya ukuta wa gereza la Ngomeni, akaingia Ndia Kuu, akawa anasalimiana na kila mtu barazani: salamu ya huyu, hali ya yule, mkono kifuani, kicheko kifupi. Kisha akakata kona, akakata nyingine, vichochoro vikawa vyembamba hata mabega ya Musyoka yakakaribia kugusa kuta za pande mbili. Alimwuliza mwanamke aliyekuwa akiuza mahamri pale ni wapi.

"Hapa Mkanyageni," akasema yule mwanamke. "Wamtaka nani?"

Mkanyageni! Musyoka alikuwa amelisikia jina lile miaka mingi bila kulitafakari. Sasa alilirudia moyoni, na kila alipolirudia lilimwambia jambo lile lile.

Abdulghafur aliingia katika nyumba yenye mlango mdogo bila kubisha. Kando ya mlango kulikuwa na dirisha la nondo, na chumba kilikuwa na giza la mchana, lile giza la nyumba za zamani zenye kuta nene. Musyoka aliegemea ukuta, akasogeza jicho moja.

Ndani aliketi mzee mwenye ndevu nyeupe, mgongo umemwinama juu ya meza fupi. Midomo yake ilikuwa imefumba na kutikisika, kana kwamba asema maneno yasiyotaka kusikiwa. Juu ya meza, mbele yake, palikuwa na mguu.

Ulikuwa mguu wa mti. Ulikuwa na kisigino, na unyayo, na vidole. Na kidole kidogo kilikuwa kimepinda kwa nje, kama chake. Musyoka alikitazama kidole kile mpaka macho yakamwuma. Alikivunja akiwa mtoto, akikimbiza ng'ombe. Hakukuwa na kidole kama kile Mombasa nzima.

Mzee aliinua mkono, akatoa msumari katikati ya midomo yake, akausimamisha chini ya mguu ule, akainua nyundo. *Tak.* Kifundo cha Musyoka kikamruka. *Tak, tak.*

"Foroma imekubali, Ami?" sauti ya Abdulghafur ikauliza.

Mzee alitema misumari kiganjani ili apate kusema. "Foroma ya Musyoka imetimia. Huyu sasa yuko mkononi mwangu. Lakini yeye asijue kabla ya siku yake."

"Hajui, Ami. Ingawa naona ananishuku."

"Na ashuku. Siku ya siku atajua."

Musyoka hakulijua neno foroma. Kwao hapakuwa na neno kama lile, wala karakana haikuwa nalo, wala kanisani hakuwahi kulisikia likisomwa. Lakini jina lake alilijua, na aliyoyasikia baada yake aliyafahamu. Aliondoka pale akichechemea. Alichechemea mpaka landhi, na hata yeye mwenyewe hakuweza kusema kama ni maumivu au ni hofu iliyomshika mguu.

Chonga, alipoambiwa, hakulijua neno lile pia. Hilo halikumzuia kulieleza.

*

Siku ya kuchagua timu Tononoka ilijaa. Watu wa reli walikaa upande mmoja, watu wa Mji wa Kale upande wa pili, na katikati wakapita wauza njugu bila kubagua.

Mwamuzi wa shimo la mchanga alikuwa Bwana Fakhruddin, mwenye duka la vyuma mjini. Alichaguliwa kila mwaka kwa sababu utepe wa kupimia ulikuwa wake na kwa sababu hakuwa na rafiki pale panapohusika kipimo. Alivaa koti jeupe, kofia ya uzi wa dhahabu kichwani, na alikuwa na mazoea ya kupuliza vumbi juu ya utepe wake kabla ya kuutumia.

Kila mrukaji alipewa miruko mitatu. Abdulghafur, akiwa na viatu vyake vya turubai, aliruka mruko wa kwanza mzuri kuliko wote aliowahi kuruka. Upande wa Mji wa Kale ukapiga vigelegele. Musyoka aliruka wa kwanza wake kwa tahadhari, macho yake yakiwa kwa mpinzani kuliko ubaoni, akawa nyuma sana. Mara tu Fakhruddin alipokwisha kupima, Musyoka alifuta nyayo zake zote, za njiani na za mchangani, huku watu wakiulizana amepatwa na nini.

Kwa mruko wa pili alifumba macho kidogo kabla ya kuanza. Akaona fulana ile kwenye kamba, simba akipepea, na hasira ikampanda, hasira safi isiyo na jina la mtu ndani yake. Akakimbia. Akaupata ubao kama anayekanyaga kizingiti cha kwake. Mguu wa kulia ulipiga ardhi na ardhi ikamrudisha juu. Wa kushoto ukapokea bila kulalamika. Kisha akawa hewani, na watu wa pande zote mbili wakanyamaza, kwa kuwa walikuwa hawajamwona mtu akikaa juu muda ule.

Alitua mbali kupita alama ya Abdulghafur. Ilikuwa futi nzima na zaidi; hata aliyekuwa ameketi mwisho wa uwanja aliona. Landhi yote ikasimama na kupaaza sauti.

Na mguu wa kulia wa Musyoka ulikuwa tayari kazini. Wiki nyingi ulikuwa umezoea. Ulipangusa huku, ukapangusa huku, kabla kichwa hakijasema neno, na Bwana Fakhruddin alipofika na utepe wake mchanga ulikuwa sawa kama shuka lililotandikwa.

Fakhruddin aliupuliza utepe. Akainama. Akainuka.

"Bwana Musyoka, alama iko wapi?"

Musyoka aliutazama mchanga. "Ilikuwa hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa. Au hapa. Bwana, kila mtu ameiona!"

"Mimi napima alama," Fakhruddin akasema, bila ukali. "Kumbukumbu za watu siwezi kuzipima."

Kelele zikapanda. Watu wa landhi walianza kumiminika uwanjani, na kabla yao akafika Abdulghafur, mbio, mikono juu.

"Bwana Fakhruddin, tafadhali! Mimi nimeiona kwa macho yangu. Imenipita. Wallahi imenipita mbali. Mwandikieni tu, mimi sina neno!"

"Usinitetee!" Musyoka alipiga ukelele. Sauti yake ilivunjika, na yeye hakujali tena. "Unanitetea nini? Wayo wangu uko kwenu Mkanyageni! Nimeuona! Mmeupigilia misumari!"

Uwanja ukatulia. Chonga, aliyekuwa mbele kabisa, alirudi nyuma taratibu mpaka akawa nyuma ya mwanamke mnene wa njugu.

Abdulghafur alishusha mikono. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa kama wa mtu aliyeangusha chombo cha mgeni.

"Umeuona?"

"Nimeuona."

"Ulifika mpaka mlangoni kwetu," akasema polepole, "na usibishe hodi?"

Alikwenda kwenye mfuko wake pembeni, akarudi na kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha kijani. Akakifungua mbele ya wote. Vilikuwa viatu, jozi moja, vya ngozi laini ya rangi ya tende, vyepesi hata vilikaa juu ya kiganja kimoja. Akavigeuza chini juu. Chini ya kila kimoja ilitokeza misumari mifupi, imechongwa kwa tupa, ya kushika ardhi.

"Misumari ndiyo hii."

Musyoka alikitazama kidole chake kilichopinda.

"Ami yangu Kamaludin amekuwa akishona viatu vya makubadhi maisha yake yote. Nilimwambia habari zako, jinsi njia ya kukimbilia ya Kampala ilivyokukata miguu ukaruka na damu. Nasikia ile ya Bukini ni ya kokoto za matofali. Ami akasema, niletee mguu wake, si unavyosimama, mguu unavyopiga. Akauchonga kwa mti, wa kushoto akaukisia kwa huo, akashonea juu yake. Ndiyo foroma hiyo. Kwani nyinyi bara mwaiitaje?"

"Bara," Musyoka akasema kwa sauti ya chini, "tunakwenda pekupeku."

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini, yakhe? 'Nipe wayo wako niende nao nyumbani'? Ungenipa?" Abdulghafur alitikisa kichwa. "Hakuna mtu wa pwani angeutoa. Hata mimi nisingeutoa. Kwa hivyo nikauiba. Tulitaka kukupa leo, jina lako likishasomwa. Nilijua utakwenda wewe. Nikasema, kama mimi sendi, basi na uende mkono wa Ami yangu."

Bwana Fakhruddin alikohoa. "Umebakiwa na mruko mmoja, Bwana Musyoka."

Musyoka alinyoosha mkono kuvichukua viatu. Abdulghafur akavirudisha nyuma. "Si leo. Vipya, vitakuvunja. Ruka kama ulivyozoea. Ruka unishinde."

Alijaribu. Mungu anajua alijaribu. Lakini hofu ilikuwa imemfanya awe mkali wiki zote zile, na aibu iliyoingia mahali pake haikuwa na ukali wowote. Mguu wa kulia ulipiga ardhi, ukasita, kama unaoomba ruhusa. Alitua, akabaki pale pale mchangani amesimama, mikono hewani, hathubutu kutikisa hata kidole, jasho likimtiririkia machoni, mpaka Fakhruddin alipomwambia kwa upole, "Sasa toka, ndugu yangu. Toka kwa mbele."

Utepe ulivutwa. Ulipungua kwa upana wa kiganja. Jina lililosomwa lilikuwa la Abdulghafur.

*

Meli iliondoka. Musyoka alikwenda kuiaga pamoja na Jael na Kioko, akashikana mikono na Abdulghafur, na wote wawili wakazungumza sana habari za hewa. Viatu alikuwa amevikataa. Abdulghafur, kwa kuwa havikuingia miguuni mwake, alimwachia Jael kimya kimya, na Jael aliviweka ndani ya lile sanduku, juu ya ndala.

"Virudishe kwa mwenyewe," akamwambia mumewe Jumapili moja, akimpa ufunguo. "Au vivae. Lakini usivifungie. Nataka mashuka yangu."

Kwa hiyo Musyoka alikwenda tena Mkanyageni. Safari hii alisimama mbele ya mlango mdogo akasema "Hodi" kwa sauti iliyosikika mpaka kichochoro cha pili.

"Karibu," akajibu mzee Kamaludin. "Karibu mwenye mguu."

Chumba kilikuwa kilekile, ila sasa Musyoka aliona kilichokuwa kimefichwa na ukuta siku ile: rafu nzima ya miguu ya mti, ya wanaume na ya wanawake, yote imetulia kama watu barazani. Aliweka viatu juu ya meza.

"Nimevirudisha, Ami. Sistahili."

"Nimrudishie nani? Hakuna kidole kingine kama hicho mji huu. Kaa. Umevijaribu?"

Musyoka aliona haya. "Mara moja. Jael akiwa sokoni."

"Havikubani?"

"Hapa. Kidogo."

Mzee aliguna kwa furaha ya fundi aliyekuwa amelijua jibu. "Udongo ulinikaukia kabla sijachonga mti. Ulinywea. Ndiyo hasara ya wayo wa kuiba." Akainuka kwa kujishika kiuno, akaleta sinia pana lililojaa udongo uliokandwa na maji, akaliweka sakafuni. "Mwakani kuna Unguja tena, nasikia. Na mjukuu wangu akirudi kutoka Bukini atataka mtu wa kumshinda. Vua."

Alimwita Abdulghafur mjukuu ilhali alikuwa mtoto wa nduguye, na Musyoka hakumsahihisha. Alivua ndala. Akalitazama sinia.

"Utauweka wapi ukimaliza?"

"Pale rafuni."

"Na siku tukikosana?"

"Nitakubania kidole kidogo," mzee akasema. "Kanyaga. Tena kanyaga kama warukaji, usikanyage kama unaingia msikitini."

Musyoka aliinua mguu wa kulia akaushusha kwa nguvu zake zote. Udongo ulirukia ndevu za mzee, ukarukia rafu. Kisha akauinua, na mguu, wenyewe, kwa mazoea yake, ukaanza kurudi nyuma upanguse.

Mkono wa mzee ulikishika kifundo.

"La," akasema Kamaludin. "Huu nipe."

Musyoka alibaki amesimama kwa mguu mmoja, ameshikilia ukingo wa meza, akiutazama wayo wake pale chini, wenye kisigino na vidole na kile kidole kilichopinda, maji yakianza kujikusanya ndani yake.

"Chukua, Ami," akasema.